Mteja Asiyekuja Kupimwa

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili nimepewa na nesi wa zahanati, asije mtu akadhani nimezeeka vibaya nikaanza kuandika habari zangu. Alhamisi iliyopita nilianguka mbele ya meza ya kukatia, mkasi mkononi. Nilipozinduka, Mzee wa Pasi alikuwa akininyunyizia maji kwa chupa ile ile anayonyunyizia mashati. Amepiga pasi katika duka hili tangu enzi za marehemu mama, na muda wote huo hajawahi kuniona nimelala chini. Alinipeleka zahanati mwenyewe, nusu akinishika, nusu akinigombeza.

Nesi alinipima presha, akasikiliza moyo, akausikiliza tena. "Moyo wako unakimbia, dada, na wewe umekaa." Akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa kwa vipimo. Nikamwambia nitakwenda msimu wa sare ukiisha. Shule ya wasichana imebadilisha sare, nimepokea kazi ya sketi za marinda mia mbili, niko peke yangu, na zinatakiwa tarehe thelathini Aprili.

"Miezi miwili hiyo," akasema.

"Nimeshaahidi."

"Haya, kumbe wewe ni mtu wa ahadi." Akatoa daftari kwenye droo. "Andika humu mambo matatu unayoyathamini kuliko yote. Halafu kila siku ujifanyie jambo moja la kujitunza linalotokana na hayo. Usiige ya watu, ya kuiga hayadumu."

Nimeandika:

Moja, kipimo cha kweli. Mteja akivuta tumbo ndani, namngoja na futi mkononi mpaka apumue. Wengine hunichukia kwa hilo.

Mbili, ahadi. Nguo ya Ijumaa hutoka Ijumaa.

Tatu, kutomwelemea mtu.

Kujitunza kwa leo: nimekula mchana nimeketi.

Jumanne, 3 Machi

Mvua imeanza. Sketi saba. Nimekunywa maji glasi nne. Mzee wa Pasi alinihesabia. "Ukimwagiliwa hivyo, Fundi, utachipua."

Alhamisi, 5 Machi

Mvua mchana kutwa na mimi natokwa na jasho. Nimefungua madirisha yote mawili. Mzee wa Pasi amevaa sweta na amejisogeza karibu na pasi yake, ananitazama kwa jicho la pembeni, kama kuna jambo anataka kusema.

Ijumaa, 6 Machi

Gauni langu la kijani limeanza kunipwaya, nikalibana kidogo pembeni. Sasa limekaa. Hili naliandika kwenye kujitunza: nimevaa nadhifu. Mwanamke anayeshonea watu hawezi kuonekana kama amevaa gunia.

Jumatatu, 9 Machi

Asubuhi, kwenye kisanduku cha maagizo kilichoko mlangoni, nimekuta mfuko wa karatasi. Ndani yake kitambaa cheupe cha pamba, kisicho na ua wala mstari, uzi wake, vifungo sita, na kikaratasi chenye herufi kubwa: GAUNI, KAMA KAWAIDA. IJUMAA. Hakuna jina. Wala vipimo hakuna, ila kuna kamba yenye mafundo.

Nilikaa chini. Mama hakuwahi kuingia darasani, kwa hiyo hakuandika vipimo, alivifunga. Kila mteja alikuwa na kamba yake. Kutoka mwanzo wa kamba mpaka penye mafundo mawili ni kiuno, mpaka penye fundo moja ni kifua, mpaka penye matatu ni nyonga, na kamba nzima ni urefu wa gauni. Zilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango na mama alijua kila moja ni ya nani kwa kuigusa tu. Alipofariki nikaja mimi na futi na daftari, na shada lile la kamba sikujua liliishia wapi. Ni miaka kumi na tisa.

Nimejiambia ni mteja wa zamani wa mama. Atakuwa kikongwe sasa, kamba kaitunza kwenye sanduku, kaitoa. Ingawa "kama kawaida" ni neno la ajabu kwa mtu ambaye sijawahi kumshonea.

Kujitunza: nimelala robo saa mchana. Kweli ilikuwa dakika kumi.

Ijumaa, 13 Machi

Gauni jeupe limekwisha. Mzee wa Pasi alilinyoosha polepole kuliko kawaida yake, akalishika mabegani, akaliinua kati yangu na yeye. Kwa kitambo tulitazamana hivyo, mimi na yeye na gauni katikati. Kisha akalitundika.

Niliporudi kutoka kununua uzi halikuwepo.

"Amekuja kuchukua," akasema.

"Nani?"

"Mwenyewe."

"Yukoje?"

"Mtu tu, Fundi. Mimi napiga pasi."

Jumanne, 17 Machi

Sketi tisa. Mkono umetetemeka, nimepasua rinda moja.

Alhamisi, 19 Machi

Mkono tena. Nimejichoma sindano mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Nimebana gauni la bluu, na la kahawia nalo. Kujitunza: sijamnunia mtu yeyote leo. Nesi akikubali hilo, akubali.

Jumatatu, 23 Machi

Mfuko mwingine. Kitambaa kile kile cheupe, vifungo sita, karatasi ile ile: GAUNI, KAMA KAWAIDA. Na kamba nyingine.

Nilitoa kamba ya kwanza, nikaziweka mbili sambamba juu ya meza. Hii mpya ni fupi kwenye kiuno, kifua na nyonga. Urefu haujabadilika. Mteja yule yule, wiki mbili, amepungua upana wa vidole viwili.

Nikaziinamia kwenye mwanga wa dirisha, na hapo mwili ukanisisimka. Mafundo yamebapa upande mmoja. Mama alikuwa akifunga fundo analikaza kwa meno. Nilipokuwa mdogo nilimwambia atang'oka meno, akacheka huku kamba iko mdomoni. Nikilipapasa fundo naona pale jino liliposhuka.

Nimemwita Mzee wa Pasi nimwonyeshe. Ametazama, akarudi kwenye pasi. "Kamba zote zinafanana," akasema, naye aliishi na zile kamba miaka mingi kuliko mimi.

Kuna mtu mmoja tu mwingine aliyejua kufunga hivi, naye ni Mama Mdogo, mdogo wake mama, aliyeshona naye katika chumba hiki. Sijamwamkia tangu siku ya mazishi. Mama alikwisha taratibu mwaka mzima na Mama Mdogo alikuwa naye kila siku, mashine kwa mashine. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Nilimwuliza mbele za watu, ulikuwa unaangalia nini? Hakunijibu, na mimi sikuwahi kumwuliza tena.

Ijumaa, 27 Machi

Gauni la pili limechukuliwa. Sikuwepo, kama mara ya kwanza.

Jumamosi, 28 Machi

Binti yangu amepiga simu kutoka shuleni kwa simu ya matroni. Nimempa jina la Chiriku kwa sababu hanyamazi, na leo alitaja watu kumi na mmoja kabla hajavuta pumzi. Shule inafunga Ijumaa ya tarehe kumi na saba.

"Utanisubiri kituoni, mama?"

"Nitakusubiri."

"Uvae vizuri, rafiki zangu watakuona."

Tulicheka. Baada ya kukata simu nikabaki nimeishika. Likizo yangu ya mwisho mama alinisubiri kituoni. Alivaa gauni lililomkaa kama amezaliwa nalo, na rafiki zangu wakasema mama yako anapendeza. Nilitembea naye najivuna. Siku ya kumi na moja ya likizo ile alifariki.

Jumatano, 1 Aprili

Nimekwenda zahanati, maana niliahidi kupeleka daftari. Nesi amelisoma lote, akacheka mahali nilipotaka acheke. Mizani yao imeharibika, inaandika kila mtu kilo arobaini, hata mlinzi mwenye kitambi. Basi akanitazama toka juu mpaka chini.

"Kwa macho sioni kama umepungua. Nguo imekukaa vizuri kabisa."

Nilifurahi kama fundi anavyofurahi. Nilipofika barabarani furaha ikaniisha. Gauni nililovaa ni lile la kahawia nililobana juzi, mara ya pili.

Barua ya hospitali bado imo mwisho wa daftari. Akaniuliza, nikasema sketi mia na ishirini zimebaki.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Sketi kumi na moja. Hamu ya kula ninayo, nakula, na chakula sijui kinakwenda wapi.

Jumatatu, 6 Aprili

Nilifika dukani mapema ili nimkute anayeleta. Mfuko ulikuwa umeshafika, na juu yake hakuna hata tone la mvua, ingawa nje kulikuwa kunanyesha tangu alfajiri. Mzee wa Pasi alikuwa ndani, amewasha pasi. Amesema hakuona mtu.

Kamba ya tatu. Sikutaka kuigusa. Kisha nikakumbuka jambo la kwanza nililoandika katika daftari hili, nikachukua futi nikapima zote tatu na kuandika ukutani kwa chaki. Kiuno, kwa sentimita: sabini na mbili, sitini na tisa, sitini na sita.

Huyu mteja anakwisha. Kila baada ya wiki mbili analetewa gauni jipya linalomkaa vizuri ili asionekane kuwa anakwisha, na mimi ndiye ninayemficha.

Nilitaka kurudisha kitambaa, lakini kumrudishia nani? Nimekata. Nguo ya Ijumaa hutoka Ijumaa.

Jumatano, 8 Aprili

Naandika haya saa saba mchana. Mlango nimeufunga kwa ndani, Mzee wa Pasi nimemwambia aende akale.

Gauni limekwisha leo, siku mbili kabla. Nilikuwa nalikagua kama ninavyokagua kazi yoyote: mishono, pindo, nafasi ya vifungo. Nilipolishika mbele yangu kutazama pindo nikajiona kwenye kioo cha wateja. Mabega ya gauni yalianzia yanapoanzia yangu na pindo lilifika linapofika langu. Nilisema moyoni, wanawake wengi wana urefu huu.

Fundi hajipimi. Ukijipima mwenyewe mkono unaupendelea mwili, utepe unalegea hapa, unakaza pale. Nguo zangu huwa nazikadiria kwa jicho. Sijui kiuno changu ni namba gani, na sijakijua kwa miaka. Nawajua wateja wote wa mtaa huu namba zao, yule asiyemo kwenye daftari ni mimi.

Nikavua, nikalivaa lile jeupe.

Nikafunga vifungo sita. Hapakuwa na mahali pa kuvuta wala mahali pa kuachia. Nimeshona miaka kumi na tisa na sijawahi kumvisha mtu gauni likamkaa hivi mara ya kwanza. Kwapani, kifuani, kiunoni, kila mahali lilinigusa bila kunibana. Niliinua mkono, likainuka nami. Nilipumua, likapumua. Nilisimama mbele ya kioo na jasho likinitoka, madirisha wazi, mvua ikiingia mpaka kwenye sketi, na nilimwona mama kituoni.

Nililivua kwa haraka hata kifungo kimoja kikakatika. Nimekishona tena. Kutunga uzi peke yake kulinichukua dakika kumi.

Kujitunza kwa leo sina la kuandika. Naogopa.

Alhamisi, 9 Aprili

Nilimngoja Mzee wa Pasi aingie, nikakaa juu ya meza yake ya kupigia pasi ili asiwe na kazi ya kujifichia.

"Mzee wangu, nani anachukua magauni?"

"Mimi napiga..."

"Nitaitupa hiyo pasi nje."

Akazima. Akakaa kwenye stuli ya wateja, akapangusa uso kwa kitambaa cha kunyooshea. "Nayachukua mimi. Nampelekea Mama Mdogo wako. Mifuko naileta mimi, naingia nayo kwa mlango wa nyuma. Na yale maandishi ni yangu, yeye alikataa kuandika." Akakikunja kile kitambaa. "Fundi, mimi nilimpigia pasi mama yako nguo zake zote za mwaka ule. Nguo zinapita mikononi mwangu, zinapungua, na mimi nanyoosha tu. Mwaka huu zako zimeanza kupita. Ile ya kijani, ile ya bluu, ile ya kahawia mara mbili. Nikaenda kwake, nikamwambia inaanza tena."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia. Ulisema unabana ili upendeze."

Kweli nilisema. Sikukumbuka mpaka aliponikumbusha.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Mdogo.

Anakaa ng'ambo ya mji, chumba na ukumbi, nyuma ya duka la rangi. Nilifika saa tatu asubuhi, mlango ulikuwa wazi na yeye ameketi akiutazama, kama mtu aliyeambiwa saa. Amezeeka. Miguu imevimba, nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanipotea yote, nikajikuta nasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu." Akanionyesha mlango wa chumbani. "Ingia. Magauni yamo ndani."

Chumbani kwake kuna kamba ya kuanikia iliyofungwa ukuta hadi ukuta. Upande wa kushoto yametundikwa magauni manne ya mama. Niliyajua: la njano, la zambarau, la mistari, na lile la kituoni. Upande wa kulia yametundikwa meupe mawili niliyoshona mimi, na la tatu, lile nililomaliza Jumatano. Kumbe Mzee wa Pasi aliliwahisha jana. Baada ya hayo kuna hanga tupu.

"Pima," akasema. "Wewe si mtu wa futi?"

Nilipima. La njano sabini na mbili. La zambarau sitini na tisa. La mistari sitini na sita. Meupe yangu yamekaa mkabala nayo, moja kwa moja, kiuno kwa kiuno. Lile la kituoni lilikuwa sitini na mbili. Niligeuza ndani nje. Mshono wa pembeni umebanwa, ukafumuliwa, ukabanwa tena, mara tano, kwa mishono midogo safi ambayo ukiwa nje huioni kabisa. Sijaona kazi nzuri kama ile maisha yangu yote.

"Nilibana mimi," akasema Mama Mdogo. "Miezi ile ya mwisho, kila baada ya wiki mbili alikuja, ananiambia nipime, nibane, nisiseme. Kamba anafunga mwenyewe. Aliniapisha. Alisema mtoto ana mitihani, asije akamkuta kama mti mkavu. Na mimi nilikuwa hodari, mwanangu. Nilikuwa hodari mno. Daktari hakuona, jirani hakuona, wewe mwenyewe hukuona. Siku ile makaburini uliniuliza nilikuwa naangalia nini. Nilikuwa naangalia mshono."

Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mikono magotini. Sikumshika. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira kubwa zaidi na mtu mwingine ambaye hakuwemo chumbani, aliyemwapisha. Kisha hasira ikanirudia mimi, maana nami kabatini kwangu yako magauni matatu yaliyobanwa, na hakuna aliyeniapisha.

"Ungekuja kuniambia," nikasema.

"Ungenifungulia mlango?"

Nisingemfungulia.

"Nilisema nikikushonesha mwenyewe mikono yako itaelewa. Mikono yako haina kinyongo na mimi."

Nikamwuliza jambo lililokuwa likinila tangu Jumatano. Alinipima lini? Mzee wa Pasi alimpa vipimo vyangu?

"Hakuna aliyekupima. Zile ni kamba za mama yako. Nilizitoa kwa mpangilio wake, basi. Nilidhani zitakupwaya, au zitakubana, utacheka, utatupa, lakini utajiuliza." Akanitazama. "Hazikukukaa, au zilikukaa?"

"La tatu limenikaa."

 Nje muuza rangi alikuwa akikoroga bati, tukamsikiliza yeye. Kisha akaniuliza kama nasikia joto mvua ikinyesha, kama moyo unakimbia nimekaa, kama mikono inatetemeka, kama nakula nisinenepe. Kila alilouliza niliitikia kwa kichwa. Kila alilouliza alikuwa akitazama lile gauni la kituoni, hakunitazama mimi.

"Kamba zimebaki ngapi?" nikauliza.

"Moja."

Alitaka kunipa, nikakataa. Nilitoa futi kwenye mkoba, nikamwambia anipime yeye. Nilivua gauni nikasimama na shimizi katikati ya chumba, na nilitaka sana kuvuta pumzi, kujaza kifua, kujifanya niko vile vile. Nikajingoja mwenyewe nipumue, kama ninavyowangoja wateja. Vidole vyake vilikuwa baridi. Alisoma namba, akavaa miwani, akasoma tena.

"Sema kwa sauti, Mama Mdogo."

"Sitini na tano."

Nimeshaipita kamba ya tatu.

Namba tatu katika orodha yangu nimeikata leo kwa wino. Nilikuwa naiita thamani, kumbe ni kiburi nilichorithi pamoja na cherehani. Zile mbili za kwanza zimebaki, lakini nimeona kwamba ya kwanza sijawahi kuitumia kwangu hata siku moja. Kipimo cha kweli nimewadai watu wote wa mtaa huu, mimi nikawa mteja asiyekuja kupimwa.

Nimemwambia Mama Mdogo Jumatatu tunakwenda hospitali wote wawili. Hakuuliza sketi.

Jumatatu, 13 Aprili

Hospitali. Benchi kuanzia saa moja mpaka saa tisa. Wamenitoa damu chupa nne. Mama Mdogo alikuwa akiwaeleza watu wote wa benchi ugonjwa wa marehemu mama, mwaka hadi mwaka, kwa sauti kubwa. Nilitaka kumziba mdomo, nikamwacha. Miaka kumi na tisa ameufumba.

Jumanne, 14 Aprili

Nimempigia simu mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Nimesema ukweli: naumwa, sketi hamsini zitachelewa wiki mbili.  Akasema, "Ugua pole, Fundi, wavae za zamani, hawatakufa." Nilikuwa tayari kufa kwa ajili ya jambo hilo.

Jumatano, 15 Aprili

Majibu. Ni tezi ya shingo, inafanya kazi kupita kiasi na inaula mwili na moyo. Daktari aliuliza kama ukoo una mtu aliyewahi kuugua hivi. Mama Mdogo akasema yupo. Daktari akasema inarithiwa, na kwamba moyo wangu usingengoja mwisho wa mwezi. Alisema kama anayeeleza ratiba ya basi. Dawa zipo. Nimemeza za kwanza pale pale mbele yake. Nikamwuliza kuhusu binti yangu, akasema apimwe naye, mapema.

Mama Mdogo ameketi kwenye cherehani ya pili. Hajaisahau. Mzee wa Pasi anapiga mluzi kutwa nzima, hajui hata wimbo mmoja.

Alhamisi, 16 Aprili

Kujitunza: nimefumua mishono yote ya pembeni, magauni yote. Ilichukua asubuhi nzima. Mama Mdogo alishika ncha ya pili ya kitambaa, tukafumua pamoja.

Jumamosi, 18 Aprili

Jana sikuweza kuandika.

Nilikwenda kituoni saa nane mchana. Nilivaa gauni lililofumuliwa, na nilipokuwa nikitembea upepo uliingia ndani yake, likajaa, likanizunguka. Wanawake wawili wanaonijua walinipita wakageuka. Mmoja akasema, "Fundi, leo vipi?" Mara mbili nilitaka kurudi nyumbani nikachukue pini. Pini mbili tu, moja kila upande, asingejua. Nilijiona nafanya hivyo, wazi kabisa, na kilichonitisha ni jinsi ingekuwa rahisi.

Basi likaja. Chiriku alishuka akiongea, ameangalia nyuma, anawaambia wenzake jambo la mwalimu wa hesabu. Akageuka na maneno yakiwa bado mdomoni. Akaniona.

Sijawahi kumsikia akinyamaza hivyo. Alikuja polepole, begi likiburuzika chini, rafiki zake wakitazama dirishani.

"Mama, nguo ya nani hiyo?"

"Yangu."

"Siyo yako. Ni kubwa."

"Ni yangu ile ile. Mimi ndiye niliyepungua." Nikalipokea begi lake. "Naumwa, mwanangu. Nilikuwa naumwa tangu ulipoondoka, na nilikuficha. Nina dawa. Wiki ijayo nawe utapimwa."

Alisogea, akashika gauni pembeni ya kiuno changu, akakusanya kitambaa kilichozidi, akakibana kwenye ngumi yake, na ngumi ikajaa. Akaitazama ile ngumi. Kisha akalia pale pale barabarani, mdomo wazi, na mimi sikumwambia anyamaze, wala sikumwambia si kitu. Tulitembea mpaka nyumbani hivyo hivyo, yeye kashika ule upande uliozidi, na njia nzima hakuuachia.